Jinsi ya Kuendesha Mazungumzo ya Wageni Katika Ofisi ya Teknolojia Jijini Nairobi: Mwongozo Kamili

Mwaka 2005, kabla Wakenya hawajalisikia jina M-Pesa, mfumo huo ulijaribiwa kama njia ya wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Wakopaji walilipa marejesho, lakini wakaanza pia kutumiana pesa wao kwa wao na kulipana kwa shughuli ambazo waundaji hawakuzipanga. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Waundaji walikuwa wamefunzwa na watumiaji.

Ofisi nyingi za teknolojia hapa Nairobi ziko ghorofani, Westlands, Kilimani au Upper Hill, na zinaunda vitu vya kutumiwa na watu ambao hawajawahi kupanda lifti zake: mwenye duka la rejareja Kawangware, muuguzi wa zahanati, katibu wa SACCO, dereva wa bodaboda. Watu hao wako umbali wa nauli ya matatu moja au mbili. Kuwaalika waje wazungumze, saa moja kila mwezi, ni njia ya gharama ndogo ya kuwakutanisha na wanaoandika programu, na ninaamini hakuna ofisi changa mno wala maskini mno kiasi cha kushindwa kuifanya.

Tatizo ni kwamba mifululizo mingi ya aina hii huanza kwa kishindo na kufifia kabla ya mwaka kuisha. Mara nyingi chanzo ni kimoja: walioipanga walianza kwa kutafuta jina kubwa, kisha wakatafuta la kumfanya mwenye jina aseme. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili.

Hatua ya 1: Jua ofisi yako inaumwa wapi

Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walichukulia kwamba mwenyeji anajua maradhi yake. Basi kabla hujafikiria jina la mtu yeyote, pita kwa kila timu, keti nao robo saa, na uwaulize swali moja: ni jambo gani mmelibishania siku hizi ambalo hakuna aliye humu ndani aliyeliona kwa macho yake hata aweze kulimaliza?

Utashangaa majibu yanavyomiminika. Timu ya malipo itakuambia hawaelewi kwa nini wateja huacha muamala ukiwa umebakiza hatua moja. Wanaotengeneza programu ya simu watataka kujua mtu mwenye simu ya bei nafuu, iliyojaa picha na video, hufuta nini kwanza nafasi ikiisha. Huduma kwa wateja watasema kuna malalamiko yanayorudi kila wiki na hakuna anayewaamini. Andika yote, hata yanayoonekana madogo. Baadaye yaunganishe yanayofanana na uchague manne.

Kwa kila moja, andika sentensi hii na ujaze nafasi iliyo wazi: "Baada ya kikao hiki tutaweza kuamua kuhusu ______." Nafasi ikikataa kujazika, weka mada hiyo kando kwa sasa. Sentensi hizo nne ndizo mpango wako wa miezi minne ya kwanza. Usitangaze mfululizo wa mwaka mzima. Tangaza vikao vinne, viendeshe vizuri, kisha uamue.

Hatua ya 2: Watu, muda na pesa

Waratibu wawe wawili. Mmoja akiwa peke yake, likizo moja au mradi mmoja wa dharura unatosha kuua mfululizo. Juu yao awepo mkuu mmoja mwenye uwezo wa kuidhinisha bajeti na, muhimu zaidi, mwenye kusema hadharani kwamba saa hiyo ni saa ya kazi. Kikao kikiwekwa baada ya kazi, wenye watoto wa kuchukua shuleni na wanaokaa Rongai, Kitengela au Juja hawatabaki, na mara nyingi hao ndio wanaoishi karibu zaidi na maisha ya wateja wenu.

Mimi hupendelea Jumatano, saa nane mchana. Jumatatu watu bado wanapanga wiki, na Ijumaa jioni barabara za Nairobi hazimsamehe mgeni anayerudi nyumbani. Ijumaa mchana pia ni wakati wa sala kwa wenzetu Waislamu, na mwezi wa Ramadhani usipange kikao ambacho kivutio chake ni chakula cha mchana. Tazama mvua pia: Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, safari ya dakika arobaini huweza kuwa ya saa mbili. Miezi hiyo alika walio karibu, au mgeni atakayezungumza kwa video. Mwisho wa mwezi waache wahasibu wenu na wa watu wengine wapumue.

Bajeti ya kikao kimoja ina mambo manne: malipo ya mgeni, nauli yake, chai na vitafunio, na akiba ndogo ya mkalimani au ya kukodi vifaa. Chai, mandazi na sambusa vinatosha kabisa. Kama pesa ni chache, punguza vitafunio kabla hujagusa malipo ya mgeni.

Hatua ya 3: Kumchagua mgeni

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Anza na mtumiaji. Wakala wa M-Pesa ambaye hushinda kibandani kuanzia alfajiri anajua mambo kuhusu pesa, imani na ulaghai ambayo hakuna chati itakayokuonyesha: mteja huangalia nini kabla ya kumpa simu, kwa nini hukataa risiti, ni saa ngapi pesa taslimu humwishia. Mhudumu wa afya ya jamii ni hazina nyingine. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 kote nchini na kuwapa vifaa, pamoja na simu za kukusanyia taarifa za kaya. Mwite mmoja wao akueleze inakuwaje kujaza fomu ya kidijitali mlangoni kwa mtu, jua likiwaka kwenye skrini, mtoto akilia, na mtandao ukija na kupotea. Kama ofisi yenu inatengeneza fomu za aina yoyote, kikao hicho kina thamani kuliko kozi nyingi.

Kisha kuna mgeni ambaye ningependa kila ofisi ya programu imwalike angalau mara moja: mtu asiyeona anayetumia simu kwa msaada wa programu ya kusoma skrini kwa sauti. Mwombe atumie programu yenu mbele ya wote, simu yake ikiwa imeunganishwa na spika na skrini kubwa. Sauti itasoma "kitufe, kitufe, picha, kitufe" pale ambapo waundaji hawakuandika maelezo, na kila mtu chumbani atasikia. Mlipe vizuri kwa sababu hiyo ni kazi ya kitaalamu, na kabla ya siku hiyo hakikisha wenzako wanaelewa kwamba kinachojaribiwa ni programu, si mgeni.

Kundi la pili ni waliowahi kulifanya jambo gumu hapa hapa. Jiji hili lina historia ya karibu kabisa ya kujifunzia. Programu ya Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, ikikusanya taarifa za wananchi kwa intaneti na ujumbe mfupi na kuziweka kwenye ramani. Katika mradi wa Digital Matatus, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi vituo na njia zaidi ya 130, na ramani yao ikatolewa 2014. Mtu aliyeshiriki kazi kama hizo, hata kama hakuwa kiongozi, ana ya kusema kuhusu data isiyo na mpangilio kuliko mkurugenzi yeyote wa kimataifa. Mara nyingi hata hajawahi kuulizwa.

Kundi la tatu ni wataalamu wa fani jirani. Idara ya Hali ya Hewa iko Dagoretti Corner, kwenye Ngong Road. Mtabiri wa hali ya hewa anaweza kuwafundisha wanadata wenu namna ya kumweleza mkulima uwezekano wa mvua bila kumdanganya wala kumchanganya. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hutengeneza masanduku na sufuria kwa vipimo vinavyolingana, siku baada ya siku, kelele za nyundo zikivuma pande zote. Waulize wanavyokagua ubora wa kazi ya mwanagenzi. Mwandishi wa habari za mahakamani, mtunza nyaraka, mwalimu wa darasa la kwanza: wote wana ufundi unaohusu kazi yenu mkikaa chini na kuwauliza swali la sawasawa.

Viongozi wa kampuni na wawekezaji weka nafasi moja tu kati ya nne. Wamezoea majukwaa, na wengi hurudia hotuba walizokwisha kuzitoa.

Kuwapata wageni, anza na wenzako. Mlinzi wenu, mhudumu wa usafi, mhasibu, kila mmoja ana dada, jirani au mwenzake wa kanisani au msikitini mwenye kazi mnayoitafuta. Baada ya hapo ziulize jumuiya za jiji: iHub, iliyoanza Ngong Road mwaka 2010, iliwalea wengi ambao sasa wametawanyika kila kampuni, AkiraChix, iliyoanza mwaka huo huo, imefunza wasichana na wanawake wengi teknolojia, KICTANet ina watu wanaojadili sera za mawasiliano kwa kina. Idara za vyuo vikuu nazo hufurahia kualikwa. Angalia orodha yako ya wanne kabla hujaalika: wakiwa wote wanaume, au wote wanatoka mtaa mmoja, rudi ukatafute tena.

Kabla ya kukata shauri, zungumza na mgeni kwa simu kama dakika ishirini. Mwombe akusimulie siku moja ya kazi iliyomwendea vibaya. Anayekupa mahali, saa na alichofanya kwa mikono yake ndiye unayemtafuta. Anayekujibu kwa maneno makubwa tu, hata akiwa na cheo, mshukuru na uendelee kutafuta. Na kama ana bidhaa ya kuuza, mwambie wazi, kwa heshima, kwamba kikao hiki si mahali pa mauzo na kwamba unaweza kumwelekeza kwa mtu wa manunuzi.

Hatua ya 4: Mwaliko

Kila mgeni ana mlango wake. Mhadhiri mwandikie barua pepe. Wakala au mwenye duka mwendee mwenyewe, wakati ambapo hakuna foleni, nunua kitu, jitambulishe, kisha eleza. Afisa wa serikali humwaliki yeye moja kwa moja. Unamwandikia mkuu wa taasisi, ukieleza mada, na unatoa wiki sita au zaidi barua ipite mezani kote. Kumbuka pia kwamba chini ya Ibara ya 76 ya Katiba ya 2010, zawadi anayopewa afisa wa dola kwenye hafla ya umma au ya kikazi huhesabiwa kuwa ya Jamhuri. Kwa hiyo usimweke afisa katika hali ya kuona haya mbele ya watu kwa kumkabidhi kikapu cha zawadi. Kikombe cha chai na barua ya shukrani kwa taasisi yake vinatosha.

Barua nzuri husema tatizo lenu waziwazi. Huu ni mfano unaoweza kuubadilisha:

"Kwako Bi. ______,

Hujambo? Mimi ni ______, nafanya kazi ______. Tunatengeneza programu ya simu ya kuweka hesabu za mauzo dukani. Wenye maduka wengi huiacha baada ya wiki chache, nasi hatujaelewa sababu.

Umeendesha duka kwa miaka mingi na majirani zako hukutaja kwa hesabu nzuri. Tungefurahi ukitutembelea Jumatano tarehe ______, saa nane mchana, utueleze kwa dakika ishirini na tano siku yako dukani ilivyo: hesabu unaziandika lini, wapi, na nani mwingine huzisoma. Baadaye wenzangu kama thelathini watakuuliza maswali. Si lazima uandae kitu cha kuonyesha kwenye skrini. Zungumza kwa lugha unayoipenda.

Tutakulipa shilingi ______ kwa muda wako, siku hiyo hiyo, na nauli ya kuja na kurudi tutaituma siku moja kabla. Hatutarekodi chochote bila ruhusa yako.

Ukiona haitawezekana, hakuna neno. Ukikubali, nitakupigia tupange.

Ahsante sana,
______"

Muulize pia angependa aitwe vipi mbele ya watu. Wapo wanaojulikana mtaani kama Mama fulani na hawapendi jina la kitambulisho litangazwe, na wapo wanaotaka neno Daktari au Mhandisi litangulie. Mtambulishe hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Malipo na kodi

Msimamo wangu ni huu: yeyote ambaye halipwi na mwajiri wake kwa saa anazowapa, ninyi mlipeni. Mwenye kibanda akifunga ili aje kwenu, amepoteza mauzo ya mchana mzima, na wateja wake wamekwenda kwa jirani. Muulize kwa upole siku ya kawaida humpatia kiasi gani, na usishuke chini ya hapo. Kusema "utapata jina" kwa mtu anayelipa kodi ya chumba si heshima.

Ongea na mhasibu kabla ya kutaja kiwango. Malipo ya huduma za kitaalamu kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kulipa, ya asilimia 5 yakifika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi. Kwa asiye mkazi, kiwango cha kawaida ni asilimia 20. Mgeni aambiwe mapema, ili asione pesa zimepungua akadhani ameibiwa. Mhasibu atahitaji namba yake ya PIN ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato Kenya, na tangu Januari 2024 kampuni huhitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka hiyo, ili gharama ikubaliwe kwenye hesabu za kodi. Wageni wadogo wengi hawajajisajili, basi tafuteni utaratibu kabla ya siku ya kikao. Usimfanye mama wa duka ahangaike na fomu zenu. Sheria ya Fedha hubadilisha mambo haya karibu kila mwaka, kwa hiyo mhasibu ahakikishe viwango kila Julai.

Lipa siku hiyo hiyo kwa M-Pesa, kabla hajatoka getini.

Hatua ya 6: Maandalizi ya pande mbili

Wiki moja kabla, zungumza tena na mgeni. Mwambie nani watakuwepo, wanafanya nini, na maswali matatu ambayo umeyakusanya kutoka kwa timu. Kama hajazoea kuhutubia, badilisha muundo: keti naye mbele, umuulize maswali kama mnavyozungumza dukani. Mahojiano humfungua mtu ambaye hotuba ingemfunga. Mwombe alete kitu cha kazi yake: daftari la madeni, simu yenye kioo kilichopasuka, fomu ya karatasi. Daftari moja likizungushwa mkononi mwa wahandisi huibua maswali ambayo hakuna slaidi ingeyaibua.

Lugha ni uamuzi wa mgeni. Ibara ya 7 ya Katiba inaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini ofisi zetu hujisahau na kumlazimisha kila anayeingia aongee Kiingereza. Mtu akisimulia kazi yake kwa lugha anayoifanyia kazi, maelezo huja yenyewe. Wakiwepo wenzenu wa Lagos au Bengaluru mtandaoni, mpe mmoja jukumu la kuwaandikia muhtasari kadiri mazungumzo yanavyoendelea. Akiwepo kiziwi, kodi mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, umpe maneno magumu ya mada siku chache kabla. Kikao kikizidi saa moja, waajiri wakalimani wawili wapokezane.

Waandae pia wenzako. Watumie aya moja kuhusu mgeni na sentensi yenu ya "tutaweza kuamua". Wakumbushe wasimuulize mgeni siri za mwajiri wake, na wao wasitaje siri za kampuni wala majina ya wateja. Mgeni akitoka kampuni shindani, kubalianeni kwa maandishi mipaka iko wapi.

Hatua ya 7: Ruhusa ya kurekodi

Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaosema: tutarekodi nini, kwa ajili ya nani, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na nani wa kumpigia akibadili mawazo. Msomee ikibidi, na kubali jibu la hapana bila kumshawishi. Picha za kuweka mitandaoni ziwe na ruhusa yake ya peke yake.

Mimi hushauri kuzima rekodi maswali yanapoanza. Watu huuliza kwa uhuru zaidi, na mgeni hujibu bila kuhofia kwamba atachekwa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mambo madogo ndiyo humfanya mgeni ajione ametarajiwa. Peleka jina lake getini asubuhi, ili askari asimhoji kama mshukiwa. Mkumbushe aje na kitambulisho. Mratibu mmoja ashuke chini amngojee, ampandishe lifti, amwonyeshe msalani, ampe maji. Afike nusu saa kabla, na asiachwe peke yake ukumbini.

Kagua vifaa kabla hajafika: maikrofoni mbili, moja ya mgeni na moja ya wauliza maswali, maana walio mtandaoni husikia tu kinachopita kwenye maikrofoni. Stima ikipotea, nini kitaendelea? Kompyuta iwe na chaji, na simu yenye bando ikae tayari kugawa intaneti. Projekta ikigoma, mgeni aendelee bila hiyo.

Kwa mgeni wa mbali, angalia saa vizuri. Sisi hatubadilishi saa na wenzetu hubadilisha: saa kumi jioni ya Nairobi ni saa nane mchana London wakati wa kiangazi chao na saa saba wakati wa baridi. San Francisco itakuwa saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na moja alfajiri. Kwenye kalenda andika muda kwa tarakimu za saa 24, pamoja na jina la mji.

Anza kwa wakati hata chumba kikiwa nusu. Utambulisho usizidi dakika moja: anaitwa nani, anafanya nini, na tunataka kujifunza nini kwake. Usisome wasifu. Mgeni azungumze dakika ishirini na tano, na maswali yapate muda sawa na huo au zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mnapopata ambacho hamngekipata kwingine.

Mwendesha mazungumzo ana kazi moja ngumu, nayo ni kulinda maswali. Swali la kwanza lisiwe la bosi. Bosi akitangulia, wengine hupima maneno yao. Zungumza mapema na mwanagenzi au mfanyakazi mpya, umwombe aanze. Ukiuliza "kuna swali?" na kimya kikatanda, kivumilie. Wakenya wengi tumefunzwa kutomhoji mgeni, na huhitaji muda kidogo kujipa ruhusa. Pokea pia maswali ya maandishi kwa wasiopenda kusimama. Anayehutubia badala ya kuuliza, mkate kwa upole: "Ndugu yangu, tusaidie na swali lenyewe." Na mtu akimdharau mgeni au kumfundisha kazi yake, ingilia papo hapo. Mgeni yuko chini ya ulinzi wako.

Malizeni saa iliyotangazwa. Wenye hamu wabaki na chai.

Mgeni akishindwa kuja dakika za mwisho, usiahirishe saa ile. Kuwa na mtu wa ndani aliye tayari: mfanyakazi wa huduma kwa wateja anaweza kuchezesha rekodi za simu tatu za malalamiko, zilizofutwa majina kwa ruhusa, na timu ikajadili. Kikao kama hicho mara nyingi huwa na moto kuliko vingi vilivyopangwa.

Hatua ya 9: Baada ya mgeni kuondoka

Jioni hiyo mtumie mgeni ujumbe wa shukrani wenye jambo moja mahususi alilolisema. Ndani ya siku mbili, andika ukurasa mmoja wenye sehemu tatu: tulichosikia, tunachobadilisha, na nani atakibadilisha hadi lini. Sehemu ya tatu ikikosekana, kikao kilikuwa burudani. Kazi hizo ziingie kwenye orodha ya kazi za timu pamoja na zingine zote, zikitaja jina la kikao, ili baadaye muweze kuzifuatilia.

Usipime mfululizo kwa kuhesabu vichwa. Ukumbi unaweza kujaa kwa ajili ya sambusa. Vikao vyote vinne vikiisha, fungua zile sentensi nne za mwanzo na uulize: tuliamua? Tulibadilisha nini? Kama jibu ni hapana kwa zote nne, simamisha mfululizo na urudi hatua ya kwanza, maana mliwaita watu kwa maswali ambayo hayakuwa yenu kweli.

Kisha mpigie mgeni. Mweleze kilichobadilika kwa sababu yake: kitufe kilichosogezwa, ujumbe uliotafsiriwa, ada iliyoelezwa kabla ya mtu kubonyeza. Kama hakuna kilichobadilika, mweleze pia na sababu yake. Watu wa jiji hili wamehojiwa na watafiti na mashirika kwa miaka mingi bila kurudishiwa jibu, na simu hiyo ya dakika tano ina uzito mkubwa kuliko bahasha. Ndiyo pia inayokupatia mgeni anayefuata, kwa sababu atakutajia jina.

Weka kila kitu kwenye faili moja ambalo waratibu wote wawili wanaweza kulifungua: barua za mwaliko, fomu za ruhusa, kiasi alicholipwa kila mgeni, kurasa za baada ya kikao, na namba za waliokubali kuitwa tena. Mratibu mmoja akihama kampuni, anayempokea asome faili hilo kwanza, kisha akae kwenye kikao kimoja kama msikilizaji kabla ya kuendesha cha kwake.